Majibu ya vipimo yakija na alama ya H au L

Mwajiri wetu hutupeleka kupima afya kila mwaka, na wiki ya majibu ofisi nzima hugeuka maabara. Watu wanapitiana meza kwa meza, "hebu niangalizie hii", kana kwamba kitengo cha uhasibu kina daktari. Mimi nafuatwa zaidi kwa sababu majibu yangu hayajawahi kuja bila alama: H ikiwa namba iko juu ya kiwango, L ikiwa iko chini.

Huwa naanza na kile "kiwango cha kawaida" kilichochapwa pembeni. Kwa vipimo vingi hupatikana kwa kupima watu wenye afya, kisha wanakatwa asilimia 2.5 wa juu kabisa na asilimia 2.5 wa chini kabisa. Wanaobaki katikati ndio "kawaida". Kwa hiyo kwa kila kipimo, katika watu 20 wazima kabisa, mmoja hupewa alama. Na karatasi ya siku hizi ina mistari ishirini, thelathini. Ukitoka bila alama hata moja, umebahatika.

Halafu uliza hao watu waliopimwa walikuwa wa wapi. Yangu mimi ni nyutrofili, zile chembe nyeupe za kupambana na bakteria. Karatasi inataka zianzie 2.0, zangu huja 1.6, na L nyeusi ubavuni. Mara ya kwanza kijana wa dirishani aliniambia kwa sauti ya chini "kinga yako iko chini, dada", na kila anayeishi nchi hii anajua maneno hayo humpeleka mtu kuwaza nini. Kipimo cha VVU kilikuwa safi. Daktari niliyepelekwa kwake, mama wa makamo, hata hakuishangaa ile L. Baada ya shikamoo aliniuliza, "Mwanangu, karatasi za nyuma unazo?" Nilikuwa nazo kwenye bahasha ya kaki. Akazipanga mezani, akapitisha kalamu chini ya mstari uleule: 1.7, 1.5, 1.6. "Unaugua ugua? Vidonda vya mdomoni? Homa za kila mara?" Hapana. "Basi wewe ndivyo ulivyo."

Akanieleza kwamba Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hatuna alama iitwayo Duffy juu ya chembe nyekundu za damu. Kuikosa hutukinga na malaria ya aina ya vivax, na huendana na nyutrofili chache kwenye damu bila kinga kudhoofika. Viwango vingi vinavyochapwa vilitokana na Wazungu. Tangu siku hiyo situpi karatasi ya majibu, na hata picha ya simu naiona haitoshi.

Sukari ni habari nyingine, hapo usijifariji. Ukipima hujala tangu usiku, chini ya 6.1 ni sawa, 6.1 hadi 6.9 ni onyo, 7.0 kwenda juu ni kisukari, ila kama huna dalili yoyote kipimo kirudiwe siku nyingine kabla hujaitwa mgonjwa. Wanaofurahia kupata 6.5 kwa kuwa "bado haijafika saba" wananisikitisha, maana hapo ndipo kutembea na kupunguza ugali kunapolipa zaidi. Na kama una selimundu, mwambie daktari mapema: kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kinaweza kutoa jibu la uongo.

Mengine ni ya mazingira tu. Mafuta ya damu aina ya traigliseridi hupanda ukinywa chai na vitumbua kabla ya kupima. Potasiamu hupanda kwa uongo chembe zikipasuka wakati wa kuchukua damu. Damu kwenye mkojo wa mwanamke aliye kwenye siku zake haihitaji ushauri wa bingwa.

Na taifodi! Kipimo cha Widal kinatafuta kinga ambayo mwili unaweza kuwa umeitengeneza zamani. Mtu mzima asiye na homa anaanzishiwa dawa za taifodi kila baada ya miezi michache, mwaka nenda rudi. Uliza kama damu inaweza kuoteshwa maabara, ionekane kama bakteria wenyewe wamo.

Presha ikisoma 150/95 pale kliniki, pumzika, irudiwe, kisha ipimwe tena siku nyingine. Ikisoma 180/120 huku kifua kinabana, macho yana ukungu au upande mmoja wa mwili unalegea, acha kusoma makala, nenda hospitali sasa hivi.

Ukienda kwa daktari, chukua karatasi za nyuma na majina ya kila unachomeza. Hapa watu huficha dawa za miti shamba, kwa aibu au kwa kumlinda aliyewapa. Vimeng'enya vya ini vikipanda, huenda hicho kikombe cha asubuhi ndicho kitu cha kwanza anachohitaji kukijua.