Huongezeka kwa mujibu wa nani?

Swali: Kitabu kimoja cha fizikia kinasema kitu kikikaribia kasi ya nuru, uzito wake huongezeka. Kingine kinasema ni tungamo lake, na cha tatu kinasema ni masi yake. Mwandishi yupi amekosea?

Jibu: Wote watatu, na wa kwanza amekosea mara mbili.

Nomino tuzimalize haraka. "Uzito" umetoka kwenye -zito, kivumishi cha Kibantu kisichochagua kazi: mzigo mzito, uji mzito, usingizi mzito, maneno mazito. Wanafizikia wamekibana kikae mahali pamoja: uzito kwao ni nguvu ambayo dunia, au mwezi, hukivutia kitu. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 588 hivi akiwa duniani na 97 hivi akiwa mwezini, lakini kilo zake ni zilezile 60. Hicho kisichobadilika ndicho tungamo, kutoka kutungama, au masi, neno tulilolipokea kutoka Ulaya. Mimi ni mtu wa tungamo. Wa masi sigombani naye. Hata anayepanda mizani akatangaza uzito wake kwa kilo nimemwachia. Vita hiyo tulishindwa zamani.

Kinachonikera ni kitenzi. Huongezeka!

Kitazameni vizuri. Kiambishi hu- cha mazoea hakikubali nafsi wala ngeli mbele yake: mimi huenda, wao huenda, kiti huenda, yote sawa. Ndiyo maana methali hukipenda. Haba na haba hujaza kibaba, iwe leo au jana, uwepo au usiwepo. Kisha mwishoni kuna -ka ya kutendeka, inayotuambia jambo limetokea bila kumtaja aliyelifanya. Kitenzi kimoja kimefungwa milango yote miwili: hakuna mtenda, hakuna mtazamaji. Kwa methali ni uzuri mtupu. Kwa nadharia ya uhusianifu ni balaa, kwa sababu swali la kwanza la nadharia ile, tangu Einstein alipoichapisha mwaka 1905, ni kwa mujibu wa nani.

Chukua jiwe la kilo moja linalokupita kwa asilimia 87 ya kasi ya nuru. Vitabu vya zamani vitakuambia tungamo lake "huongezeka" hadi kilo mbili hivi. Sawa. Sasa weka jiwe jingine liruke sambamba nalo kwa kasi ileile. Kwa hilo la pili, mwenzake ametulia tuli na ni kilo moja kamili. Je, limeongezeka au halijaongezeka? Ama tuache mawe, tuje kwako. Miale kutoka anga za mbali ikigonga hewa ya juu, kilomita 15 hivi kutoka ardhini, huzaa chembe ziitwazo muoni, na nyingi hushuka hadi kukupenya mwilini hata sasa unaposoma. Shika moja inayokwenda kwa asilimia 99.5 ya kasi ya nuru. Kwa mujibu wake yeye ametulia, na wewe ndiwe unayemjia mbio. Kwa hesabu ya vitabu vile, kama una kilo 60, kwake una kilo 600. Nakuuliza, msomaji wangu: umenenepa? Nguo zinakubana? Muoni ya pili yenye kasi tofauti itakupa kilo tofauti, nawe umekaa palepale hujala kitu. Tungamo gani hilo linalobadilika kwa kutazamwa?

Einstein mwenyewe alilichoka. Mwaka 1948 alimwandikia mwandishi wa Marekani Lincoln Barnett kwamba si vizuri kuingiza dhana ya tungamo la kitu kilicho mwendoni, kwa kuwa haina ufafanuzi ulio wazi. Afadhali tubaki na tungamo la kitu kilichotulia, kisha tuseme habari za nishati na momenta yake, yaani kiasi cha mwendo wake. Zaidi ya miaka 70 imepita na bado watu wananakili sentensi ileile.

Sisemi tungamo haliongezeki kamwe. Pasha moto lita moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100 bila kupoteza tone: nishati ya joto iliyoingia ndani italipandisha tungamo lake kwa takriban sehemu 5 za bilioni ya gramu. Ni kidogo mno, lakini ni kweli, na jiwe, muoni na wewe mtakubaliana juu yake. Ndani ya protoni, chembe ya kiini cha atomu, jambo hilo ni kubwa kupita kiasi: matungamo ya kwaki tatu, vichembe vinavyoiunda, ukiyajumlisha hupati hata asilimia 2 ya tungamo lote, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nishati ya vurumai iliyofungiwa humo. Hapo andika huongezeka hata mara mia, sitanyanyua kalamu nyekundu.

Ndugu yake kitenzi hiki ni "muda hupungua", wanavyosema vitabu hivyo juu ya kitu kiendacho kasi, nacho kinanitia homa. Muda ukipungua, kwa Kiswahili cha watu wazima, maana yake uliobaki ni mchache; ni tangazo la msimamizi wa mtihani. Muoni iliyotulia huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2, ambazo hata kwa kasi ya nuru hazitoshi kufika mita 700, na bado muoni zinatua ardhini kwa wingi. Sisi tunasema saa ya muoni inakwenda polepole. Muoni, kama ingesema, ingedai saa yake haina kasoro ila umbali ndio uliofupika. Wote wana haki, na "muda hupungua" haimpi haki hata mmoja wao.

Basi sentensi ya vitabu vyako naiandika hivi: "Kwa mtazamaji anayekiona kitu kikikaribia kasi ya nuru, nishati na momenta ya kitu hicho ni kubwa mno; tungamo lake ni lilelile." Ni ndefu, najua. Mhariri akitaka kuifupisha, akate "mno".