Maswali ya Wasomaji: Bunduki kwenye chumba cha mapumziko

Mwezi huu tumechagua barua za wasomaji wetu walioko Marekani. Zote zinagusa jambo moja: ubishi wa bunduki kazini.

Ndugu wahariri, salamu. Niko Dallas, napakia mizigo ghalani shifti ya usiku. Juzi TV ya chumba cha mapumziko ilikuwa na habari za shambulio la risasi. Wenzangu wawili wakaanza kuvutana: mmoja anataka sheria zikazwe, mwingine ana bastola tatu nyumbani. Nikachomekea, "Kwetu bunduki ni za askari tu, nyinyi Wamarekani mna nini?" Wote wawili wameninunia. Nilikosea wapi? (Mpakia mizigo)

Umewapatanisha mahasimu, na hilo si jambo dogo. Ila kauli yako ina kasoro mbili.

Ya kwanza, si kweli. Kenya raia anaweza kuomba leseni ya silaha, na Tanzania pia, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015. Wapo wafanyabiashara wenye bastola halali Kariakoo na Nairobi. Tofauti ni kwamba kwetu ni kibali: unaomba, unaeleza sababu, serikali inakubali au inakataa. Marekani wanaanzia upande wa pili. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoridhiwa 1791, yanataja haki ya watu kumiliki na kubeba silaha, ndani ya sentensi hiyohiyo inayotaja wanamgambo. Je, haki ni ya wanamgambo au ya kila mtu? Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba ni ya mtu mmoja mmoja, hasa kujilinda nyumbani kwake. Hukumu hiyohiyo ikasema haki hiyo ina mipaka. Mwaka 2022 mahakama iliipanua hadi kubeba bastola nje ya nyumba. 2024, katika kesi ya Rahimi, ikakubali kwa kura 8 kwa 1 kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa ukatili wa nyumbani anaweza kunyimwa silaha.

Kwa hiyo mwenye bastola tatu akisikia "mna nini", anasikia mtu anayetaka kumpokonya kitu ambacho mahakama imesema ni chake. Mwenzake naye anasikia mgeni anayeisuta nchi yake. Hasira tofauti, chanzo kimoja.

Kasoro ya pili: ulitoa hukumu kabla ya kuuliza. Ubishi wa bunduki una maswali matatu yaliyovaa jina moja: nani amiliki, amiliki ya aina gani, na aibebe wapi. Mtu anaweza kukubaliana nawe katika mawili na kukukatalia la tatu, lakini msipotenganisha mtabishana hadi kengele ilie. Siku nyingine mwulize hivi: "Ungekuwa mtunga sheria, ungebadilisha nini na ungeacha nini?" Akijibu, mrudishie kwa maneno yako, "Yaani unataka wauzaji wote wakague rekodi za mnunuzi, ila aina za bunduki zisiguswe, sivyo?" Usitoe maoni yako mpaka aseme "ndivyo". Mara nyingi atakusahihisha kwanza, na hapo ndipo utajua kumbe ulikuwa unajiandaa kumjibu mtu mwingine kabisa.

Kwa sasa waombe radhi, kila mmoja peke yake, kwa sentensi moja: nilisema kwa jeuri, samahani. Usiongeze "lakini". Ukiongeza, umeanza raundi ya pili.

Kila nikisema "otomatiki" jamaa mmoja mwindaji ananicheka mbele ya watu na mada inaishia hapo. Nijifunze nini? (Houston)

Machache tu, ila yajue barabara. Bunduki otomatiki huendelea kufyatua mradi umeshikilia kifyatulio. Hizo zimesajiliwa na kutozwa kodi tangu sheria ya 1934, na tangu 1986 mpya haziruhusiwi kutengenezwa kwa ajili ya raia. AR-15 inayouzwa madukani ni nusu otomatiki: bonyezo moja, risasi moja, kisha inajipakia yenyewe. Herufi AR hazimaanishi "bunduki ya mashambulizi". Zinatokana na ArmaLite, kampuni iliyoibuni. Na kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki Waingereza na Wamarekani hukiita magazini, si klipu. Wapo watakaokuvumilia katika yote isipokuwa hilo.

Hoja yako inaweza kuwa nzima kabisa, mathalani kwamba kisanduku cha risasi 30 ni kikubwa mno (yapo majimbo yanayoweka kikomo cha 10), lakini ukikosea jina, mtajadili jina. Na tuseme ukweli, wapo wanaotumia istilahi kama fimbo ili hoja isijibiwe. Akikusahihisha, sema "asante, nusu otomatiki, sasa swali langu liko palepale," kisha urudie swali. Fanya hivyo mara mbili tu. Akicheka ya tatu, geuzia mada kwenye mpira.

Natunza wazee Columbus, Ohio. Mwenzangu mmoja anasema bunduki zinaua maelfu kwa maelfu, mwingine anasema zinaokoa watu wengi zaidi. Nani mkweli? (Dada msomaji)

Dada yetu, kila mmoja ameshika pande lake la takwimu. Mwaka 2021 CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilihesabu vifo 48,830 vya risasi nchini humo. Kati ya hivyo 26,328 ni vya watu waliojiua, na 20,958 ni mauaji. Wengi wakisikia idadi ile kubwa hufikiria majambazi na mashambulizi ya shuleni, wakati zaidi ya nusu ni mtu peke yake na bunduki iliyo karibu. Upande wa kuokoa, makadirio ya watu waliojilinda kwa silaha yanaanzia makumi ya maelfu kwa mwaka hadi zaidi ya milioni 2, kutegemea mtafiti aliuliza nani na aliuliza vipi. Namba inayochezacheza kiasi hicho haifai kumshindia mtu.

Ushauri wetu: usianze na namba kabisa. Hasa ile ya kujiua, kwani hujui nani pale mezani amezika mtoto. Ukiulizwa, taja mwaka na uigawanye kama tulivyofanya hapa.

Kama unatafuta mahali ambapo wote wawili watakaa pamoja, zungumzia utunzaji wa bunduki. Sheria ya shirikisho inamtaka muuzaji mwenye leseni atoe kufuli au kifaa cha usalama kila anapomuuzia mtu bastola. Mwulize mwenye nayo kufuli lake liko wapi, risasi anaziweka kando au pamoja, na wajukuu wakija anafanyaje. Ni maswali ya fundi kwa fundi, na wenye bunduki wengi huyajibu kwa fahari. Jambo jingine ambalo pande zote mbili hulikosea: muuzaji mwenye leseni lazima akague rekodi za mnunuzi kwenye mfumo wa taifa ulioanza 1998, lakini watu binafsi wa jimbo moja wakiuziana, sheria ya shirikisho haidai ukaguzi. Majimbo mengine yanaudai, mengine hayaudai.

Nimeona bastola ndani ya gari la mwenzangu maegeshoni. Niripoti? Niko Texas. (Hofu)

Kuiona tu si kosa lake. Tangu 2011 sheria ya Texas inamzuia mwajiri, isipokuwa katika sehemu chache zilizotajwa, kumkataza mfanyakazi kuacha bunduki halali ndani ya gari lake lililofungwa. Ndani ya jengo ni habari nyingine, huko mwajiri anaweza kukataza. Akiitoa, akiionyesha kwa vitisho, au akitaja mtu wa kumdhuru, hapo usisubiri msimamizi: piga 911.

Nikimtania mwenzangu "nitakuua wewe!" kwa Kiingereza kuna shida? (Kijana, Phoenix)

Ndiyo, kubwa. Kwetu mama humwambia hivyo mwanawe aliyekula nyama ya mboga. Kazini Marekani, tena mada ikiwa bunduki, ni tishio. Unaweza kutolewa nje na walinzi siku hiyohiyo. Na usijikinge na uhuru wa kusema: ule wa Katiba unaifunga serikali, haumfungi mwajiri binafsi.

Mwenzangu mpenda bunduki amenialika kwenye uwanja wa kulenga shabaha ili "nielewe". Niko kwa viza ya kazi. Niende? (Mhandisi, Seattle)

Nenda ukitaka, hakuna njia nzuri zaidi ya kumsikiliza mtu kuliko kumwona akifanya anachokipenda. Lakini bunduki usiiguse. Sheria ya shirikisho inawakataza wengi wenye viza za muda kuwa na silaha au risasi mkononi, na ya kukodi uwanjani inahesabika. Upo msamaha kwa mwenye leseni halali ya uwindaji. Hata ukiwa nayo, muone kwanza wakili wa uhamiaji. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hayumo katika katazo hili. Usidhani ni nadharia: kesi ya Rehaif iliyofika Mahakama ya Juu 2019 ilianzia hapo, kwa kijana wa Falme za Kiarabu aliyekwenda kulenga shabaha Florida baada ya kupoteza hadhi yake ya uanafunzi. Kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini.

Mwambie mwenyeji wako mapema, si mbele ya kaunta: "Viza yangu hainiruhusu kushika, nitakuja kutazama." Piga simu uwanjani uulize kama watazamaji wanaruhusiwa nyuma ya mstari. Vaa viziba masikio na miwani hata kama hupigi, na funga shati hadi juu, maana maganda ya moto ya risasi huruka na kuingia kifuani.