Umepunguzwa kazi na gari ulilolilipia nusu bado liko Japani: unajitoaje?

Mkuu, umesema umeagiza gari Japani lije Dar, umeshatuma nusu ya bei kwa TT (uhamisho wa benki kwenda nje), na mwezi haujaisha kampuni imekupunguza. Unataka kujua kama pesa inarudi.

Inaweza kurudi, lakini kinachoamua ni mahali gari lilipo leo. Msiba uliokupata hauna uzito hapo. Muuzaji wa Yokohama au Nagoya anaweza kukuonea huruma kwenye barua pepe, ila kimkataba kukosa kipato si sababu ya kuvunja makubaliano bila gharama. Hata sheria yetu ya mikataba, Sura ya 345, inatambua jambo lililoshindikana kabisa kutekelezeka. Mfuko kukauka haumo humo. Kwa hiyo usipoteze siku tatu ukiandika barua ya kusikitisha. Tumia siku hizo kujua hatua ambayo gari limefikia.

Tuma barua pepe leo, uulize mambo matatu tu. Je, gari lilikuwa kwenye yadi yao au walilinunua mnadani kwa ajili yako? Je, limeshafutiwa usajili wa Japani ili lisafirishwe? Je, limeshapangiwa meli, na kama ndiyo, meli gani, na siku ya mwisho ya kupokea magari bandarini ni lini? Kisha omba wasimamishe usafirishaji hadi mkubaliane. Andika "simamisheni", usiandike "nafuta oda". Watu wengi hukosea hapa. Neno la kufuta likishatoka kwako kwa maandishi, kipengele cha adhabu kinaanza kufanya kazi hapohapo, na nguvu yote ya kujadiliana inahamia kwao. Kusimamisha ni ombi la kawaida, wanalipata kila siku kutoka kwa wateja waliochelewa kupata dola.

Angalia na saa. Japani wako mbele yetu kwa saa sita. Ukiandika saa saba mchana wa Dar, kwao ni saa moja jioni na ofisi nyingi zimefungwa. Ukiandika Ijumaa mchana, utajibiwa Jumatatu, na katikati ya hapo gari linaweza kuwa limeshaingizwa yadi ya bandari. Andika kabla ya saa nne asubuhi. Mwisho wa Aprili hadi wiki ya kwanza ya Mei wana sikukuu zinazofuatana, katikati ya Agosti wana mapumziko ya Obon, na mwaka mpya wanafunga siku kadhaa. Kama kampuni ina ofisi Dar, nenda kwa miguu yako, lakini kila mnachozungumza kithibitishe kwa barua pepe inayokwenda Japani, kwa sababu mhudumu wa hapa mara nyingi hana mamlaka ya kurudisha hata senti.

Wakati unasubiri jibu usitume salio. Ila soma tarehe ya mwisho ya malipo kwenye proforma, yaani ile invoisi ya awali waliyokutumia. Masharti mengi yanasema ukipitisha tarehe hiyo kimya, oda inajifuta na kianzio kinaweza kuzuiwa. Omba nyongeza ya siku 14 kwa maandishi na wakubali kwa maandishi.

Sasa hatua zenyewe. Kama una proforma tu na hujatuma pesa, huna tatizo: waandikie kwamba huendelei, basi.

Kama umelipa na gari lilikuwa la yadi yao, halijaenda bandarini, hapo ndipo penye nafasi nzuri. Gharama yao ni ndogo, gari wanalirudisha mtandaoni jioni hiyohiyo. Kwa kawaida hawaanzi kwa kukurudishia pesa. Wataanza kwa kukwambia uchague gari la bei nafuu zaidi, au pesa ibaki kwenye akaunti yako kwao. Kwa mtu asiye na mshahara, pesa iliyokaa kwenye vitabu vya kampuni ya Japani haileti unga nyumbani. Lakini usiikatae haraka, maana inaweza kuhamishwa. Tafuta ndugu, jirani au mtu wa ofisini kwenu wa zamani anayetaka kuagiza gari. Yeye anachukua kile kianzio kwa jina lake, anakulipa wewe shilingi hapa. Kampuni nyingi zinakubali mkituma barua iliyosainiwa na nyote wawili pamoja na nakala za pasipoti au kitambulisho cha NIDA, na namba ya marejeo ya malipo. Unapata pesa bila kungoja uhamisho wa benki, na bila makato ya kufuta.

Gari la mnadani ni habari nyingine. Muuzaji akishashinda zabuni kwa niaba yako, amelipia gari, ada ya mnada, na usafiri wa kulitoa huko hadi bandarini. Akiliuza upya mnadani analipa ada tena na anaweza kupata bei ya chini. Tofauti yote hiyo ataitoa kwenye pesa yako, na mara nyingi masharti yanasema kabisa kwamba oda ya mnadani haifutwi. Usigombane na kipengele hicho. Omba mchanganuo wa hasara baada ya gari kuuzwa upya, mstari kwa mstari: bei lililonunuliwa, bei lililouzwa, ada, usafiri. Anayekataa kutoa mchanganuo mara nyingi anataka kubaki na kianzio chote bila kuwa na hasara ya kiwango hicho.

Gari likishapakiwa, kufuta kumekwisha. Kulirudisha Japani ni nauli mpya, na kule tayari limeshafutiwa usajili. Sasa kazi yako ni kutafuta mnunuzi kabla meli haijafika, na una kama wiki nne hadi sita. Hapa ndipo watu wanapookoa pesa nyingi au kupoteza kila kitu, kwa hiyo tulia.

Hati inayotawala ni hati ya shehena, ile tunayoiita BL. Kwa kawaida hutolewa nakala halisi tatu, na jina la mpokeaji lililoandikwa humo ndilo linaloingia kwenye manifesti ya meli, yaani orodha ya mizigo yake. Kama BL haijatolewa, kubadilisha jina la mpokeaji ni marekebisho ya dakika kumi kwa muuzaji. Ikishatolewa, mwenye meli atataka nakala zote tatu zirudi ndipo atoe nyingine, na anatoza. Manifesti ikishawasilishwa TRA, wakala wa meli wa hapa Dar lazima aombe marekebisho kwa forodha, kuna ada na barua ya maelezo, na siku zinakwenda. Ndiyo maana swali la BL unaliuliza siku ya kwanza, usingoje mnunuzi apatikane.

Faida yako ni kwamba bado una deni kwa muuzaji, kwa hiyo hatatuma BL halisi hadi salio lilipwe. Mpange hivi: mnunuzi akulipe wewe sehemu yako, salio alitume yeye mwenyewe moja kwa moja Japani kwa invoisi mpya yenye jina lake, na BL itoke kwa jina lake. Usipokee salio mkononi ili wewe ndiye utume. Mkigombana katikati, pesa yake na yako zote zitakuwa zimechanganyika. Muandikishiane mkataba wa kurasa mbili wenye namba ya chesisi, jina la meli, kiasi alichokulipa, na nani anabeba storeji kama meli itawahi kufika. Bei ya hapa muiandike kwa shilingi, kwa sababu tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei na kulipana ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Hesabu yenyewe, kwa mfano tu. Tuseme gari ni dola 4,000 hadi Dar na umelipa 2,000. Ukifuta na wakakukata 500, benki za katikati zikakata 80, unabaki na 1,420. Ukimuuzia mtu nafasi yako kwa thamani ya 1,700 umepoteza 300. Kwa hiyo punguzo la asilimia 15 linalokufanya unune ni nafuu kuliko kufuta. Wanaouza nafasi zao, wa kwanza kukata tamaa ni wale wanaong'ang'ania "nilicholipa ndicho ninachotaka". Mnunuzi anajua una haraka, na ukweli ni kwamba unayo.

Kuna wanaosema, "Ngoja lifike, nitaliuza likiwa na namba." Sawa, kama pesa ya kulitoa unayo mkononi. Bei ya hadi Dar ni mwanzo tu. Kuna ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini na kwa umri wa gari, VAT 18% inayokokotolewa juu ya hivyo vyote, tozo nyingine ndogo, halafu bandari, wakala wa forodha, usajili na bima. Kwa gari kuukuu kodi inaweza kukaribia au kupita bei uliyolinunulia, tena TRA wana mfumo wao wa thamani ya magari yaliyotumika, hawafuati invoisi yako kipofukipofu. Ingia kwenye kikokotoo chao mtandaoni, weka aina, mwaka na injini, uone namba kabla hujaamua. Katika mfano wetu, kuendelea kunaweza kuhitaji dola 2,000 za salio na zaidi ya 4,000 za kulitoa. Mtu aliyepoteza kazi akikopa kiasi hicho kwa riba ya mtaani, kile anachokiita faida ya kuuza kinaliwa na miezi miwili ya kusubiri mteja. Ukiamua kulitoa, mtafute mnunuzi mapema mwenye TIN ili kadi itoke moja kwa moja kwa jina lake, muepuke gharama za kubadilisha umiliki.

Kulitelekeza bandarini ndilo kosa kubwa kuliko yote. Siku za bure ni chache, baada ya hapo storeji inahesabiwa kila siku. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka mzigo ufanyiwe tamko la forodha ndani ya siku 21 tangu kuanza kushushwa. Mzigo ukipita huo muda unaweza kupelekwa kwenye ghala la forodha, ukikaa siku 30 bila kuondolewa linatoka tangazo, na zikipita siku 30 nyingine unahesabika umetelekezwa na unakwenda mnadani. Bei ya mnada hulipa kwanza kodi na gharama. Kianzio chako kiko mwisho wa foleni.

Kama mnunuzi wa Dar hapatikani, mwenye wateja wa Zambia au Malawi anaweza kulichukua kama mzigo wa kupita, bila kodi ya kwetu, kwa dhamana ya wakala. Huko nako wanaendesha kushoto, usukani haumsumbui mtu. Kenya usihangaike: wana kikomo cha miaka minane ya umri wa gari na wanataka cheti cha ukaguzi cha KEBS, shirika lao la viwango, kilichotolewa kabla gari halijapakiwa.

Ukikubaliwa kurudishiwa fedha, toa akaunti yenye jina lilelile lililotuma TT, ikiwezekana ya dola, pamoja na msimbo wa SWIFT. Wahasibu wao hawapeleki pesa kwa jina jingine. Mtu yeyote atakayekupigia akidai umlipe "ada ya kuharakisha marejesho" ni tapeli, hata akitaja namba ya chesisi yako. Akikutumia barua pepe kwamba akaunti ya kampuni imebadilika, piga namba iliyoko kwenye tovuti yao, usipige ile iliyoko kwenye barua hiyo.

Kwa aliyeweka kianzio kwa yadi ya hapa nchini, mambo ni mepesi kidogo. Angalia risiti imeandikwaje. Kifungu cha 74 cha Sura ya 345 kinasema anayeumizwa na kuvunjwa kwa mkataba anastahili fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kile kilichotajwa kwenye mkataba. Yadi ambayo gari lake limeuzwa wiki iliyofuata kwa bei ileile itapata shida kueleza kwa nini imebaki na milioni zako tano. Wakumbushe kwa barua, kwa upole, ukitaja kifungu.

Kama nusu uliyolipa ilitoka benki au SACCOS, wajulishe kabla mshahara haujakosa kuingia. Sehemu ya mkopo ambayo haijatolewa izuiwe. Omba nakala ya bima ya mkopo uisome: nyingi ni za kifo na ulemavu, baadhi zinabeba kupunguzwa kazi kwa miezi michache, na hizo hukataa aliyejiuzulu au aliyefukuzwa kwa kosa. Kwa hiyo kabla hujasaini makubaliano yoyote na mwajiri, hakikisha barua inasema umepunguzwa.

Na hesabu unachodai huko ulikotoka, kwa sababu ndicho kitakachokwambia kama una haraka ya wiki moja au ya miezi mitatu. Kiinua mgongo ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10, ukiwa umetimiza angalau miezi 12 kazini. Kama upunguzaji haukufuata taratibu, malalamiko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) yanafunguliwa ndani ya siku 30. Fao la kukosa ajira la NSSF ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Fomu hizo zianze wiki hii, sambamba na ile barua pepe ya Japani.

Majibu ya yale maswali matatu yakija, weka hapa: yadi au mnada, meli gani, BL imetoka au bado. Weka na aina ya gari na mwaka. IST au RAV4 iliyoko baharini hupata mtu ndani ya siku chache. Gari la Ulaya lenye injini kubwa huenda ukahitaji kushusha bei mapema zaidi.