Majivu ya bwawani yanafaa kwenye zege?

Swali: Mhandisi, mtambo wetu wa umeme wa makaa ya mawe umesukuma majivu kwa maji hadi bwawani kwa miaka mingi. Sasa kampuni ya zege inayataka. Tuyachimbe tuwape hivyo hivyo?

Jibu: Msiwape hivyo hivyo, ndugu yangu. Bwawani kuna majivu laini yaliyonaswa kwenye moshi, na mara nyingi pia yale ya chini ya tanuri, ambayo ni chengachenga kama mchanga. Zege linataka yale laini: huungana na chokaa inayotokea saruji inapoganda, yakatengeneza gundi ileile inayoshika kokoto. Chembe kubwa haziiwezi kazi hiyo.

Ulizeni kwanza asili ya makaa, maana ndiyo huamua kiasi cha kalsiamu kwenye majivu. Majivu yenye kalsiamu kidogo hukaa majini bila kupoteza sana uwezo wake. Yenye kalsiamu nyingi huganda yenyewe yakilowa, na hayo msiyahesabu kuwa mbadala wa saruji.

Kisha chukueni sampuli sehemu nyingi na kwa vina tofauti, maana mazito hutua karibu na mdomo wa bomba na laini husafiri mbali. Kausheni sampuli, pimeni uzito, chomeni kwa nyuzi joto 750, pimeni tena. Uzito uliopungua kwa sehemu kubwa ni kaboni isiyoungua. Kiwango cha Marekani, ASTM C618, kinakomea asilimia 6. Mimi nakaza zaidi ya hapo, hasa zege likitiwa dawa ya viputo vya hewa, kwa sababu kaboni huinyonya dawa hiyo na kiasi cha hewa hakitabiriki tena. Kwenye ungo wenye matundu ya mikroni 45 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) yasibaki zaidi ya asilimia 34. Yakibaki zaidi, yachekecheni upya au yasagwe.

Yakishafaulu na kukaushwa, yanaweza kuchukua nafasi ya saruji kwa asilimia 15 hadi 25 hivi. Mwambieni mnunuzi wazi kwamba zege hilo hukomaa polepole: siku za mwanzo huwa nyuma, likafikia au kulipita la kawaida baadaye, pengine hadi siku ya 90. Asibomoe fomu, yaani mbao au vyuma vinavyoshikilia zege bichi, kwa ratiba yake ya zamani.

Linalonitia hofu zaidi ni uchimbaji wenyewe. Juu panaonekana pakavu na pagumu, kumbe chini ni uji. Mtikisiko wa mashine unatosha kuuyeyusha na kumzamisha dereva. Punguzeni maji kwanza, na ukuta wa bwawa ukaguliwe kila siku ya kazi. Kule Kingston, Tennessee, tarehe 22 Desemba 2008, ukuta ulibomoka, na zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope zikafunika nyumba na mto. Maji mnayoyatoa yapimwe aseniki, seleniamu na boroni kabla hayajaachiwa popote.

Majivu ya leo yasiingie tena bwawani. Yavuteni makavu moja kwa moja hadi kwenye silo, yaani ghala refu kama mnara. Yatabaki kupimwa kaboni na ulaini tu kila shehena.