Mume yuko gerezani: je, ndoa hufa yenyewe baada ya miezi 4?

SWALI: Assalamu alaykum Shekhe. Mume wangu alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa wizi wa ghalani alikokuwa akifanya kazi. Sasa ameingia mwaka wa pili, yuko Maweni, Tanga. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 9, na tunaishi kwa vitumbua ninavyochoma alfajiri. Kaka zangu wanasema ndoa yangu ilishakufa pale mume alipotimiza miezi 4 bila kuwa nami, na kwamba hata talaka haihitajiki. Ustadhi mmoja wa mtaani amewaunga mkono, na wameshapokea barua ya posa. Wanasema pia sabuni na chakula ninachopeleka gerezani ni kumsaidia mwizi, na zaka haituhusu. Watoto nimewaambia baba yao yuko Muscat, anatafuta maisha. Je, mimi bado ni mke wa mtu? Na nikishindwa kusubiri, nitakuwa na dhambi?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Binti yangu, wewe ni mke wa mtu. Ndoa yako haijafa, na barua ile ya posa irudishwe kwa mwenyewe leo hii. Na kama umechoka, kuomba kutoka kwenye ndoa hii si dhambi juu yako. Majibu haya mawili hayagombani, ingawa kaka zako wameyachanganya. Haki ya kutoka unayo, lakini ndoa haianguki yenyewe kama embe bivu, na anayekufungulia mlango ni mumeo au kadhi. Kaka zako hawana mamlaka hayo.

Nimeamua kujibu kwa urefu kwa sababu hii "fatwa ya miezi 4" si mara ya kwanza kunifikia. Inatembea barazani na kwenye shughuli za harusi, na wapo wanawake walioozeshwa kwayo waume zao wakiwa hai, wanajulikana walipo, na hawajatamka talaka. Jambo hili linanikosesha raha, maana Mwenyezi Mungu alipowataja wanawake walioharamishwa kuolewa, katika Sura An-Nisaa aya ya 24, aliwataja humo wanawake wenye waume. Ndoa inayofungwa juu ya ndoa ni batili, hata ikihudhuriwa na masharifu na kusomewa maulidi.

Hao wanaoshika miezi 4 wana vitu viwili mkononi. Cha kwanza ni aya ya 226 ya Suratul Baqara, inayowapa muda wa miezi 4 wale wanaoapa kutowakaribia wake zao. Someni vizuri, ndugu zangu. Aya inamzungumzia mume aliyeapa, aliyeinua ulimi wake kwa jina la Allah akamsusa mkewe ili amuumize. Mfungwa hakuapa. Mlango umefungwa kwa nje na ufunguo anao askari magereza. Tena hata kwa yule aliyeapa, Maimamu wetu wa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata mwambao huu, hawasemi ndoa huanguka siku ya mwisho ya mwezi wa nne. Wanasema mume huitwa, akaambiwa ama urejee kwa mkeo ama utoe talaka, na akikataa yote mawili kadhi humtaliki kwa niaba yake. Mahanafi ndio wanaosema talaka hupita kwa kumalizika muda, na wao pia wanaijenga juu ya kiapo. Palipokosekana kiapo, hakuna imamu anayeweza kuwasaidia hapo.

Cha pili ni kisa cha Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa akizunguka Madina usiku, akamsikia mwanamke ambaye mumewe yuko vitani akiimba beti za kulalamikia usiku mrefu na kitanda kitupu, na kwamba lau si kumcha Mungu kitanda kile kingetikisika. Umar akamwendea binti yake, Bibi Hafsa, akamuuliza mwanamke anaweza kumkosa mumewe kwa muda gani. Riwaya zinatofautiana, nyingine miezi 4, nyingine miezi 6. Umar akafanya nini? Akawaandikia majemadari wasiwaweke askari vitani kupita muda huo. Aliwarudisha waume. Hakutoka akawatangazia wanawake wa Madina kwamba sasa wako huru, waolewe.

Na Umar huyohuyo aliletewa kesi ya mwanamke ambaye mume wake ametoweka, hajulikani kama ni mzima au amekufa. Alimhukumia asubiri miaka 4, kisha akae eda ya kufiwa ya miezi 4 na siku 10, ndipo aolewe. Sasa mniambie, enyi mnaotoa fatwa vibarazani: ikiwa mume asiyejulikana alipo anasubiriwa miaka 4, vipi mume ambaye mkewe anampelekea sabuni kila akijaaliwa nauli, akamwona kwa macho na kusemezana naye, ndoa yake imalizike kwa miezi 4? Huku si kumhurumia mwanamke. Ni kumtia katika haramu, na watoto atakaowazaa huko kuwatia katika utata wa nasaba.

Huyo aliyeleta posa naye aambiwe. Mtume, rehema na amani zimfikie, amesema si katika sisi mwenye kumharibu mke wa mtu dhidi ya mumewe. Mwanamume anayejua kwamba mwenzake yuko ndani, akaona mlango wa nyumba yake hauna mlinzi, akaingiza barua, ajitafakari kabla ya kulala.

Sasa nirudi kwako, binti yangu.

Nafaka yako na ya watoto, yaani matunzo mnayomdai mume, haikuanguka kwa sababu ya hukumu ya mahakama, maana kizuizi kimetoka upande wake, wewe hukumkimbia. Kama ana chochote, kiwanja, pikipiki, deni analodai watu, una haki ya kula humo. Kama hana kitu na wewe ukasubiri, nafaka yako inaandikwa deni juu yake. Na kama huwezi kusubiri, madhehebu yetu yanakupa haki ya kwenda kwa kadhi kudai ndoa ivunjwe kwa sababu mume ameshindwa kukulisha. Ukithibitisha, anapewa muhula wa siku 3, na siku ya nne ndoa inaweza kufaskhiwa, yaani kuvunjwa na kadhi. Ama kutengana kimwili peke yake, Mashafi hawakukuhesabu kuwa sababu, lakini Wamaliki wamemkubalia mwanamke anayedhurika kwa mume kuwa mbali mwaka mmoja, hata kama mume huyo amefungwa, na makadhi wengi wa zama zetu wanaichukua kauli hiyo. Mimi naiona ina nguvu. Mwanamke kijana kumwambia akae miaka yote hiyo akijizuia, na huku anaogopa nafsi yake, ni kumtwika mzigo ambao sheria haikumtwika.

Watakuja watu na hadithi kwamba mwanamke anayedai talaka hatanusa harufu ya Pepo. Hadithi ipo, lakini ndani yake mwenyewe Mtume amemtaja anayedai bila ya shida yoyote. Na wewe shida unayo, inakuamsha kabla ya adhana.

Iko njia nyepesi zaidi ya hizo, nayo ni kusema na mumeo. Mfungwa hakunyang'anywa ulimi. Talaka yake inapita akiitoa kwa hiari yake, na anaweza kukubali khului, yaani mke kujikomboa kwa kurudisha mahari, mkaachana kwa wema, kama mke wa Sahaba Thabit bin Qays alivyorudisha shamba la mahari akawa huru. Mwendee na jambo hili siku ya kuonana. Najua kuonana kwenyewe kulivyo: unakaa foleni tangu asubuhi, mfuko unapekuliwa, mche wa sabuni unakatwakatwa kutazamwa kama una kitu ndani, kisha unapata dakika chache za kusema huku kila mtu pembeni anapaza sauti ili asikike na wake. Si mahali pa mazungumzo ya ndoa. Lakini bora alisikie kwako kuliko alisikie kwa mfungwa mpya aliyetoka mtaani kwenu.

Upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakihesabu kifungo cha maisha, au cha miaka isiyopungua 5, kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuionyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika, ikitazamwa na aina ya kosa. Na mwenye mume aliyefungwa muda huo hakulazimishwa kupita kwanza Bodi ya Usuluhishi ya Ndoa. Hata hivyo nakusihi uanze kwa kadhi wa mkoa, ili mbele ya Allah nako pawe salama na eda yako ijulikane inaanza siku gani. Kwa sasa huna eda yoyote, usidanganywe kwamba ilishapita. Dada zetu wa Kenya wao wana Mahakama za Kadhi zilizomo ndani ya Katiba, waende huko moja kwa moja.

Kabla hujaamua, hesabu muda sawasawa. Kwa makosa mengi, mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Miaka 7 inaweza kuwa miaka 4 na miezi 8, na mumeo ameshaingia wa pili. Mwombe akuulizie ofisini kwao tarehe yake ya kutoka. Mke anayejua tarehe na mke anayebahatisha hawaamui sawa. Kisha sali istikhara. Ukichagua kusubiri, una ujira mkubwa. Ukichagua kutoka, hujamsaliti mtu, na mimi nitakuwa wa kwanza kukutetea.

Nimebaki na hili la sabuni na zaka, ambalo limenichoma kuliko la ndoa. Eti kumlisha mfungwa ni kumsaidia mwizi! Allah amewasifu waja wema katika Suratul Insan, aya ya 8, kwamba wanalisha chakula, pamoja na kukipenda, maskini, yatima na mfungwa. Qatada, katika wanafunzi wa Masahaba, alisema mfungwa wa siku hizo alikuwa mshirikina. Abu Aziz bin Umayr alitekwa katika vita vya Badr akiwa upande wa maadui, na yeye mwenyewe akasimulia kwamba Answari, Waislamu wa Madina, waliomshika walikuwa wakimpa yeye mkate na wao wakila tende, kwa usia wa Mtume, mpaka akawa anaona haya. Huyo alikuja na upanga kuwaua. Mumeo aliiba ghalani, ni kosa, ameshahukumiwa, na adhabu yake anaitumikia. Nani aliyeiongeza na njaa juu yake?

Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu alitoa sadaka usiku ikaangukia mkononi mwa mwizi, watu wakasema sana. Akajiwa akaambiwa huenda mwizi yule akajizuia na wizi kwa sababu yake. Mlevi alipoadhibiwa mbele ya Mtume na mmoja akamwombea fedheha, Mtume alimkataza, akasema msimsaidie shetani dhidi yake. Abu Yusuf, kadhi wa Harun Rashid, alimwandikia khalifa kwamba wafungwa wapewe posho na nguo za baridi na za joto kutoka hazina ya Waislamu, ili wasitolewe minyororoni kuomba njiani, na akifa asiye na jamaa aoshwe na avishwe sanda. Hao ndio wanazuoni, na walikuwa wakiwazungumzia watu wa makosa hasa.

Ama wewe na watoto, mmo katika mafukara na maskini waliotajwa katika aya ya 60 ya Suratu Tawba. Kosa la baba halihamii kwa mtoto, wala mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Imamu wa msikiti wenu akusanyapo zaka, mlango wenu ni katika milango ya mwanzo kugongwa. Na kaka zako, kama kweli wanakuonea uchungu, walipe ada ya madrasa na wakupunguzie kodi ya nyumba. Hilo halihitaji fatwa.

Hao wanangu uliowaambia baba yuko Muscat, nimekuelewa kwa nini. Lakini mkubwa ana miaka 9, na mtaani watu wana midomo. Siku mwenzake atakapomwambia "baba yako yuko jela" mbele ya darasa, atapoteza baba na atapoteza na imani yake kwako kwa mara moja. Mwambie mwenyewe, mkiwa wawili, kwa maneno machache: baba alikosea, anatumikia adhabu, anawapenda, atarudi inshallah. Nabii Yusuf alipokusanyika na wazazi na ndugu zake katika ufalme wake, alimshukuru Mola wake aliyemtoa gerezani, akalitaja gereza wazi mbele ya wote. Yeye alikuwa hana kosa, mumeo alikuwa nalo, lakini haya ya mtoto ni ileile na dawa yake ni ileile. Wadogo wawili waache kwanza. Walimu wa madrasa nao nawasihi wamzuie yeyote atakayemtania mtoto kwa hilo.

Nikiingia magerezani kwa mawaidha, wanaume wakimaliza kuitikia dua hunifuata mmoja mmoja. Wengi hawaulizi chakula. Wanauliza, "Shekhe, ukipita kwetu, niangalizie kama mke wangu bado yuko." Yule aliyetoka gerezani na Nabii Yusuf alisahau kumtaja kwa bwana wake, na Yusuf akabaki humo miaka. Sisi tunasahau zaidi ya huyo, tena makusudi.

Kwa hiyo barua irudi, kaka zako wasomewe jibu hili, na wiki hii uende kwa kadhi wa mkoa na cheti chako cha ndoa hata kama umeamua kusubiri, ili madai yako ya nafaka yaandikwe na yawe na shahidi. Ukikosa nauli, mwambie imamu wenu. Akikataa, nitumie ujumbe mimi.

Wallahu aalam.