Ukimkuta kobe wa majini karibu na nyumbani, usimtie kwenye ndoo

Juzi msomaji mmoja aliniandikia usiku. Amemkuta kobe wa majini getini baada ya mvua, amemtia kwenye ndoo, anauliza amlishe nini. Nikamjibu: usimlishe chochote, mrudishe pale pale ulipomtoa. Hakufurahi. Najua nia yake ni njema, ndiyo maana leo naliandika jambo hili kwa urefu.

Kobe wa majini akionekana nchi kavu si kwamba amepotea. Ana safari yake. Pengine ni jike anayetafuta udongo wa kutagia, au dume anayetafuta jike, au bwawa lake limekauka na anahamia jingine. Ukimkuta barabarani, mvushe upande ule ule aliokuwa akielekea. Ukimrudisha alikotoka atageuka na kuingia barabarani upya. Mshike ubavuni kwa mikono miwili, karibu na miguu ya nyuma. Usimwinue kwa mkia, utamuumiza uti wa mgongo. Akiwa wa shingo ndefu na anataka kung'ata, mpandishe kwenye beleshi.

Kobe niliyemkuta mimi alikuwa amegongwa na gari. Gamba lilipasuka kuanzia juu ya mguu wa nyuma hadi karibu na katikati, na ukiinama uliona utando mwekundu ukipanda na kushuka ndani ya ufa kila alipovuta pumzi. Watu wakajaa. Mmoja anasema mtupe mtoni atapona mwenyewe, mwingine kaja na gundi. Nilikataa yote mawili, na nashukuru Mungu nilikataa. Gamba la kobe ni mfupa hai, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, una damu na unauma. Ukimtia majini na kidonda kile, uchafu unaingia mwilini. Ukipaka gundi, unaufungia humo humo. Nilimlaza kwenye boksi lenye matundu, juu ya taulo safi na kavu, kivulini, nikaenda kutafuta daktari wa mifugo.

Daktari wa kwanza alicheka mbele ya wateja wake, akaniuliza kama sina kazi ya kufanya. Maneno yale yananiuma mpaka leo. Wa pili alimpokea bila maswali, akaosha ufa, akampiga sindano, akaunga vipande. Gamba la kobe huunga taratibu, ni suala la miezi. Alipopona nilimrudisha kwenye maji yale yale ya karibu na pale alipogongwa, na alivyozama bila kugeuka nyuma nilijisikia mtu aliyefanya kitu duniani.

Kwa hiyo ndugu zangu, tuache kuwafuga. Kobe wa porini analijua bwawa lake, anajua pa kula na pa kuota jua. Ukimpeleka mahali unapodhani ni pazuri zaidi, atatangatanga akitafuta kwao. Tena aina nyingi hukawia kuzaa, baadhi hupita miaka 10, na mayai mengi huliwa na wanyama kabla hayajaanguliwa. Ukiondoa jike mmoja mzima, pengo lake halizibiki upesi. Na wenye watoto mnisikilize: kobe hubeba vijidudu vya salmonela, vinavyoleta homa na kuhara, hata akionekana mzima kabisa. Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wadogo, wenye gamba lisilofika sentimita 10, tangu mwaka 1975 kwa sababu ya watoto walioambukizwa. Ukimshika, nawa kwa sabuni.

Ukimkuta jike anafukua kwa miguu ya nyuma, kaa mbali, funga mbwa, usimmulike tochi. Akishafukia atarudi majini mwenyewe. Mayai yaacheni yalivyo, wala msiyageuze: kiinitete hujishikiza upande wa juu wa yai, na yai likipinduliwa kinaweza kufa.