Muulize Mama Stoo: Shemeji ananiletea mahindi ya bei ya chini, nimwache?

Shikamoo Mama Stoo. Nina mashine ya kukoboa na kusaga hapa Morogoro, nafungasha sembe kwenye viroba vya kilo 5 na 10. Mahindi nanunua kwa watu watatu, na bei zote ni mzigo ukiwa umefika getini kwangu. Shemeji yangu wa Gairo ananipa gunia kwa shilingi 68,000, tena mali kauli. Wa Kibaigwa ni 72,000, anataka hela kabla ya kupakia. Wa Makambako ni 74,000, ananivumilia wiki mbili. Katika mizigo sita ya mwisho ya kila mmoja, wa Makambako hajachelewa wala sijamkataa. Wa Kibaigwa alichelewa mara mbili, na mzigo mmoja ulikuwa na wadudu. Shemeji alichelewa mara tatu, na mara tatu nimelazimika kuanika upya. Gunia lake la juzi lilikuwa kilo 97 kwenye mizani, takataka kilo 2, unyevu asilimia 16.5. Ya wenzake yana kilo 100 kamili, takataka nusu kilo, unyevu 13. Mke wangu anasema bei ya chini ni bei ya chini, na ndugu ni ndugu. Nifanyeje?
Msagaji, Morogoro

Marahaba mwanangu. Nimekupenda kwa hilo daftari. Wengi wanaoniandikia huleta manung'uniko matupu, wewe umeleta hesabu.

Tuanze na hiyo 68,000, maana ndiyo inayomdanganya mkeo. Gunia la kilo 97, toa takataka, zinabaki 95. Ukiyaanika mpaka asilimia 13.5, ambayo ndiyo mwisho wa unyevu katika kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, kila kilo 100 hupoteza kilo tatu na nusu za maji. Kwa hiyo linaloingia kwenye kinu ni kilo 91.7. Gawa 68,000 kwa hizo: shilingi 742 kwa kilo. Wa Kibaigwa anakupa kilo 99.5 kwa 72,000, yaani 724. Wa Makambako ni 744. Umeona? Shemeji na wa Makambako wamepishana shilingi mbili tu, na bado hujawalipa vibarua wa kuanika wala hujahesabu siku ambazo mashine imelala.

Nilikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni kwa miaka 27, na somo hili nililinunua kwa machozi. Mwaka wangu wa nne ilikuja Fuso ya magunia 80. Nilifungua matano ya juu, safi kabisa, nikasaini. Ya katikati yalikuwa yameshavunda. Tangu siku hiyo sikupokea mzigo bila bambo, kile chuma cha kuchoma gunia na kutoa sampuli, na nilichoma gunia ninalolitaka mimi, si lile ninaloonyeshwa na utingo.

Sasa njia yenyewe. Kaa na mkeo, gawaneni alama 100 kabla hamjataja jina la mtu. Nasisitiza kabla, kwa sababu majina yakitangulia kalamu huanza kupendelea. Kwa msaga sembe mimi ningeweka ubora 40, kufika kwa wakati 30, bei 20, masharti ya malipo 10. Usishangae bei kukaa chini. Mmarekani mmoja, Dickson, aliwahoji maofisa manunuzi mwaka 1966 akatoka na vigezo 23. Ubora ulishika nafasi ya kwanza, muda wa kuleta mzigo ukashika ya pili, bei ikaja ya sita.

Tumia mizigo yako sita: aliyepatia mitano kati ya sita anapata tano kwa sita ya alama za kigezo hicho. Wa Makambako anazoa ubora 40 na muda 30. Kwenye bei, chukua ile ya chini kabisa, 724, gawa kwa bei yake, zidisha kwa 20: anapata 19.5. Malipo nampa 6, jumla 95.5. Wa Kibaigwa ni 33, 20, 20 na 2, jumla 75. Shemeji ni 20, 15, 19.5, na 10 kamili za mali kauli: 64.5. Hata ukiyapandisha masharti ya malipo hadi 20 na kushusha ubora hadi 30, shemeji anampita wa Kibaigwa kwa nusu alama tu, na wa Makambako bado amemwacha mbali. Nimejaribu.

Lakini usimpe wa Makambako kila kitu. Barabara ikikatika, au bei ikipanda huko Nyanda za Juu, utafunga mashine. Mimi ningempa kama sehemu saba kwa kumi, wa Kibaigwa tatu, na baada ya kila miezi mitatu nahesabu upya.

Jambo moja halina alama, ni ndiyo au hapana: sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi yanayofungwa yakiwa na unyevu ndiyo kitanda chake. Kiwango kinaruhusu sehemu 10 tu kwa bilioni, na jicho haliioni. Mzigo wenye ukungu usiupepete wala usiuchanganye na mzuri. Rudisha, hata kama umeletwa na baba mkwe.

Kuhusu shemeji, usimwambie nimekuacha. Mwite, mwonyeshe daftari, mpe turubai mbili kwa mkopo, kisha mwagize magunia kumi ya majaribio. Mfundishe na kipimo cha chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi kidogo, chumvi kavu, atikise dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayo yabaki Gairo juani. Mkeo awepo siku ya kupima hayo kumi, ashike mizani mwenyewe.